Kulala Ndani ya Motokari Kule Kruger

Ndugu msomaji, wakati wa konje wewe unafanya nini? Wengi wetu hapa ku mine tunajibu namna moja: siku 2 za kwanza kulala, kisha kutengeneza paa la nyumba, kisha kuhesabu deni, na mara kazi inatuita tena. Watoto wanamjua baba yao kwa viatu vya kazi anavyoacha mlangoni. Kama unafanya kazi ya poste, unatoka wakati wanalala, unaingia wakati wako ku masomo.

Mwezi wa 8 mwaka 2022, baba mmoja wa kanisa letu alinifuata kisha ibada. Yeye ni dereva wa kamyo kubwa za kariere. Alikuwa amesikia nikieleza vijana namna nilivyotembea mwaka 2018 katika parke ya Kruger, kule Afrika ya Kusini, pamoja na rafiki za kanisa waliokuwa na motokari ya kulala ndani. Akaniambia: “Pasta, ile motokari iko na vitanda, mi nataka kupeleka batoto mule. Nianzie wapi?”

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Mtoto wake wa kiume, wa miaka 16, alikuwa ameanza kukimbia masomo na kwenda kusafisha mawe pamoja na wachimbaji. Baba na mtoto walikuwa hawasemezani tena isipokuwa kwa kugombana. “Nikimupiga, anaenda. Nikinyamaza, anaenda. Pengine tukiwa mahali pamoja siku 10, bila kazi, bila rafiki zake, tutasema kitu.”

Basi ninaandika habari hii kwa ajili ya wewe ambaye uko na wazo kama lile, hata kama ni la mbali.

Kwanza, motokari yenyewe. Iko ya namna 2. Ya kwanza ni karavani, ni kusema nyumba ndogo ya matairi inayokokotwa nyuma ya motokari. Wazee wetu wanakumbuka Wazungu wa mine waliokuwa wakishuka nazo kusini wakati wa konje. Ya pili ni kamyoneti ambayo nyumba imejengwa juu yake: vitanda, meza, frigo, resho ya gazi, beseni la kuoshea sahani, na mara nyingi choo. Wakati nilipofika kwa lile neno la choo, mama wa nyumba alinikatiza: “Pasta, choo na sufuria mu nyumba moja?” Ndiyo, mama. Ni kisanduku kinachofungwa vizuri, chenye dawa ndani, na kila siku mtu mmoja anaenda kukimwaga mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Katika jamaa ile kazi iliangukia baba. Watoto walipiga kura.

Utauliza, sababu gani twende mbali na sisi tuko na Upemba na Kundelungu? Swali ni la haki. Upemba ni parke yetu tangu 1939, Kundelungu tangu 1970, na ndani ya Upemba wako punda milia ambao watoto wengi wa Katanga hawajawaona hata siku moja. Lakini kule hakuna kambi zenye umeme kwa motokari za namna hii, na walinzi wa Upemba wamekwisha kuuawa na watu wenye silaha. Mimi siwezi kutuma mama na watoto kulala porini pale na moyo wangu ukatulia. Siku ile itakuja, nitaandika habari nyingine.

Kruger ni kubwa. Toka kaskazini mpaka kusini ni karibu kilometa 360, na upana wake ni kama kilometa 65. Tembo peke yao wanapita 20,000. Serikali ya kule iliitangaza kuwa parke ya taifa mwaka 1926, na mwaka 1927 motokari za watalii zilizoingia zilikuwa 3 tu. Leo kuna barabara za lami, kambi kubwa zenye duka na esansi, na uwanja wa tente na karavani ambamo kila mahali pa kulala pana pa kuchomea nyama, na pengi pana umeme. Mahali pamoja panakubali watu 6, si zaidi. Jamaa hii ilikuwa baba, mama na watoto 4. Ile ndiyo sababu Pasta alibakia nyumbani!

Sasa tuingie katika mpango, maana hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Wanaanza na franga. Mimi niliwaambia waanze na kalenda.

Kule kusini, mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni wakati wa baridi na ukavu, sawa na kwetu. Majani yanakauka, miti inapukutika, maji yanabaki katika mito mikubwa na mabwawa, na wanyama wanakuja kunywa mahali unapoweza kuwaona toka barabarani. Mbu ni kidogo. Mwezi wa 1 na wa 2 ni mvua na joto. Mwaka 2000 mafuriko ya mwezi wa 2 yaliharibu kambi na madaraja mengi. Vakansi yetu kubwa inaangukia ndani ya ukavu, na hii ni baraka. Lakini angalia: watoto wa masomo wa Afrika ya Kusini nao wanapumzika karibu na mwanzo wa mwezi wa 7, na kambi zinajaa. Kwa hiyo chagua mwezi wa 8. Mahali pa kulala unaweza kuomba karibu mwaka mmoja mbele, na kambi nzuri zinakwisha mapema.

Wakati tulipokuwa na tarehe, baba alinunua kaye. Mimi nilishauri kitu kimoja tu: kaye isishikwe na baba. Ishikwe na yule kijana. Baba hakupenda. “Atatuibia.” Mama akajibu: “Aibe nini? Franga ziko kwangu, yeye atashika hesabu.” Hivyo kijana akawa mwandishi wa safari, na kila mwisho wa mwezi alikuwa analazimika kukaa mezani na baba yake kwa nusu saa, kusudi aandike dola 200 walizoweka. Nusu saa ile peke yake ilikuwa zaidi ya walivyosema mwaka mzima.

Walianza mwezi wa 9. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2023 kaye ilionyesha dola 1,000. Mwezi wa 2 mama aliugua, akapasuliwa, na hospitali ikachukua dola 800. Zilibaki 200. Nilifika kuwasalimia, nikadhani safari imekufa. Kijana ndiye aliyefungua kaye mbele yangu. Alikuwa amekata mwaka 2023 kwa mstari mmoja na kuandika 2024 pembeni. “Pasta, nimehesabu. Tukianza mwezi wa 3, mpaka mwezi wa 7 wa mwaka unaokuja ni miezi 17. Tutapata 3,400, na hizi 200.” Baba yake alitazama ukurasa ule muda mrefu. Hakusema kitu, lakini mwezi wa 3 aliweka pesa siku ileile ya mshahara.

Pasiporti na viza hazikutoka katika hesabu ile. Zililipwa na kuku za mama.

Juu ya karatasi sitaki kukuchokesha, lakini moja ikikosa, wote mnarudi. Kwa mtu wa Congo, viza ya Afrika ya Kusini inaombwa mbele, hawaitoi mpakani. Uliza tena viza za nchi za njiani. Kila mtu awe na karte ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ile ipigwe siku 10 au zaidi mbele ya safari. Ukiwa nayo tayari, ni ya maisha yote. Usikubali mtu akuuzie nyingine. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ruhusa. Dereva apate permi ya kimataifa, sababu permi yetu ya Kifaransa inaleta maneno kwa polisi na kwa wenye kukodisha motokari. Nyama mbichi usibebe mpakani. Mimi mwenyewe nilinyang'anywa kilo 4 za nyama ya mbuzi, na ilikuwa haki yao, sababu ya ugonjwa wa midomo na kwato wa mifugo.

Na motokari? Wale walio na ya kwao nzuri wanaweza kushuka nayo: Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, Chirundu, Harare, mpaka Beitbridge, barabara ileile ya kamyo zinazobeba shaba yetu. Karte ya manjano ya COMESA inalinda motokari yako Zambia na Zimbabwe, lakini Afrika ya Kusini haiko ndani ya mpango ule. Zimbabwe wataomba pembetatu 2 za hatari na kizima-moto. Ni njia ya siku 4 ukienda kwa akili, na toka Kasumbalesa unaendesha upande wa kushoto. Jamaa hii haikuwa na motokari. Walipanda basi mpaka Lusaka, basi nyingine mpaka Johannesburg, na pale wakakodi motokari-nyumba kwa siku 7. Kumbuka kwamba mwenye kukodisha anataka rehani, na mara nyingi hapokei franga mkononi bali karte ya benki. Jambo hili lilijulikana miezi 5 mbele kwa sababu kijana aliandika barua kuuliza. Kama hangeuliza, wangelia Johannesburg na franga zao mfukoni.

Kumbuka jambo lingine wengi hawalijui: ku mlango wa parke kuna bei 3 za kuingia. Wenyeji wanalipa kidogo, watu wa mbali wanalipa nyingi, na watu wa nchi za SADC wanalipa karibu nusu ya wale wa mbali. Congo iko ndani ya SADC tangu 1997. Onyesha pasiporti na sema mapema. Bei zenyewe siandiki hapa, maana zinapandishwa kila mwaka.

Sasa njia ya ndani. Hapa kijana alifanya kosa, na ni kosa la kila mtu. Aliona Satara mpaka Skukuza ni kilometa 93, akaandika: saa 1 na nusu. Hapana. Ndani ya Kruger mwendo wa juu ni kilometa 50 kwa saa ku lami, na 40 ku mchanga. Na unasimama. Twiga anavuka, mtoto anapiga kelele, tembo anakula katikati ya barabara na hana haraka. Hesabu kilometa 25 kwa saa, hivi 93 inakuwa karibu saa 4. Na mwezi wa 8 milango ya kambi inafungwa saa 12 ya magharibi. Ukichelewa unalipa faini, na kwa kweli hutaki kuwa nje. Waliandika upya: kuingia kwa mlango wa Phalaborwa, kulala Letaba usiku 2, Satara usiku 2, Skukuza usiku mmoja, na kutoka. Siku yoyote isipite kilometa 100.

Motokari-nyumba iko na uzuri wake: unakaa juu, unaona juu ya majani. Lakini ni ndefu na nzito. Njia zingine ndogo za mchanga zina kibao cha kukataza magari ya namna hii, na mahali ambapo tembo anakujia, huwezi kugeuza upesi. Acha nafasi kubwa tangu mwanzo. Akitikisa masikio na kichwa, rudi nyuma polepole, bila honi. Hakuna kushuka, isipokuwa mahali palipoandikwa. Hakuna kutoa mkono wala kichwa dirishani kwa ajili ya picha. Wenye nguvu ya kuamka mapema wapande kamyo ya parke yenyewe pamoja na mlinzi, wakati kungali giza. Inatoka mbele ya milango kufunguliwa, na mara nyingi wale ndio wanaoona simba.

Vitu vya kubeba: kamba ndefu ya umeme yenye kichwa cha karavani (uliza kama imo ndani ya kile unachokodi), blanketi sababu usiku ni baridi ya kweli, torchi, dawa za malaria na za tumbo. Malaria iko kule pia. Mama alibeba unga wa bukari kilo 10. Watoto walimcheka, kisha wakala yote. Resho ya gazi ilikuwa ndogo kwa kusonga bukari ya watu 6, basi alipika nje ku makala kama nyumbani, na jirani mmoja Mzungu alikuja kuuliza ni chakula gani kile. Funga chakula, maana nyani wa kule wanajua kufungua mlango.

Soma historia mbele ya kwenda, la sivyo utaona wanyama tu. Jina Skukuza ni jina ambalo Watsonga walimpa James Stevenson-Hamilton, mlinzi mkubwa aliyefika mwaka 1902. Maana yake ni yule anayefagia, au anayepindua kila kitu, sababu aliondoa watu waliokuwa wakikaa pale. Kaskazini kabisa, mwaka 1969, serikali ya ubaguzi iliwaondoa Wamakuleke kwa nguvu toka nchi yao kati ya mito Limpopo na Luvuvhu. Mwaka 1998 walirudishiwa nchi ile, karibu hekta 24,000. Hawakurudi kujenga. Walikubali ibaki pori, na wapate faida ya watalii. Sisi ambao tunaona vijiji vinahamishwa kwa sababu ya kariere, tuwaeleze watoto habari ile pole pole. Na ukipita kambi ndogo ya Balule, ujue kwamba miaka mingi hapo ndipo palikuwa mahali pa mtu mweusi kulala, na si katika zile kambi nyingine.

Vijana watapenda zaidi Harry Wolhuter, mlinzi ambaye mwaka 1903 alikamatwa na simba begani, akakokotwa, na akamwua simba yule kwa kisu tu. Kisu kiko Skukuza. Kule Letaba kuna nyumba ya pembe za tembo wakubwa wa zamani. Pembe moja ya tembo aliyeitwa Shawu iko na urefu wa zaidi ya metre 3.

Walitoka mwezi wa 8 mwaka 2024. Baba aliponisimulia, hakuanza na simba. Alianza na Phalaborwa, mji wa mwisho mbele ya mlango. Mji ule ni mji wa shaba! Kariere yake iko na upana wa karibu kilometa 2, na tangu 2002 wanachimba chini ya ardhi. Zamani palikuwa kilima, Lolwe, ambapo watu walichimba shaba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kariere imekimeza chote. Baba alisimamisha motokari kando ya barabara, akaonyesha milima ya udongo wa mine, akaeleza watoto namna kamyo inavyoshuka na kupanda, wapi dereva anaogopa, wapi breki zinapata moto. Wadogo walikuwa wanataka twiga. Yule mkubwa alisikiliza. “Haukutuambiaka ile,” akasema.

Kilometa 12 hivi ndani ya mlango kuna Masorini, kijiji cha zamani kilichojengwa upya juu ya mawe, chenye tanuru za udongo ambamo walikuwa wakiyeyusha chuma na kutengeneza majembe ya kuuza. Mwongozi alieleza moto, makala, mifuko ya ngozi ya kupulizia hewa. Walifikiri watakaa dakika 20. Kijana aliuliza maswali karibu saa nzima: ni moto gani unatosha, wanajuaje kama jiwe ni zuri, kwa nini hewa ipite chini. Swali la mwisho mwongozi hakulijua vizuri. Baba alijaribu kulijibu, akashindwa, na akakubali mbele ya watoto kwamba ameshindwa. “Kuna bantu banasomaka ile,” akamwambia. Kijana akatoa kaye, akaandika swali lile nyuma ya hesabu za esansi.

Walifika Letaba saa 11 na dakika 50, dakika 10 mbele ya mlango kufungwa.